Semeni Mlichomlisha

Bibi, shangazi, dada wa kazi, jirani wa mlango wa pili, mwalimu wa chekechea, na wewe mjomba unayemkatia mpwa wako kipande cha kashata ukimwambia asimwambie mama yake: wito huu ni wenu. Mzazi anayempeleka mtoto kupimwa mzio wa chakula, au aleji kama wengi tunavyosema, anaweza kuomba ruhusa kazini, kukopa nauli, kulipia vipimo na kushika namba ya foleni tangu alfajiri. Kitu kimoja hawezi kukinunua wala kukikopa, na mnacho ninyi. Ni jibu la swali la kwanza atakaloulizwa na daktari: mtoto alikula nini?

Swali hilo lingekuwa jepesi kama mtoto angelishwa na mtu mmoja. Kwetu watoto wa hivyo ni wachache, na mimi sioni kama ni hasara. Mtoto wa miaka miwili wa Temeke au Kisauni ana mikono mingi inayomlisha. Mama anaacha uji jikoni, dada anaongezea andazi, saa nne jirani anampa karanga kutoka kwenye ungo, mchana bibi anamwonjesha kisamvu, jioni baba anarudi na biskuti mfukoni. Usiku mtoto ametoka mabaka mwili mzima, midomo imevimba, ametapika. Mama anajua habari ya uji tu.

Na hata wanaojua zaidi hunyamaza. Dada anahofia kwamba akisema alimpa yai atarudishwa kijijini mwisho wa mwezi. Bibi anahofia mkwewe atamnyima mjukuu. Jirani anajua kwamba neno "kamlisha mtoto sumu" likishatoka mdomoni mwa mtu, mtaa mzima utalibeba. Basi kila mmoja anaapa kwamba hakumpa kitu, na mama anakwenda kliniki na mtoto, kadi, na hadithi yenye matundu.

Matundu hayo yana gharama. Daktari anayeujua mzio hutumia muda mwingi kuuliza kuliko kupima. Atataka kujua ni chakula gani, kiasi gani, kibichi au kilichoiva, muda gani ulipita kabla ya dalili, zilianzia wapi mwilini na zilikwisha vipi, na kama mtoto aliwahi kukila chakula hicho bila shida. Mzio wa ghafla kwa kawaida hujitokeza ndani ya dakika chache hadi saa mbili baada ya kula. Kwa hiyo aliyempa mtoto kipande cha samaki saa kumi na nusu, mabaka yakaonekana kabla ya saa kumi na moja, ana habari nzito kuliko karatasi ya maabara. Aliyempa samaki huyohuyo asubuhi, mabaka yakaja usiku wa manane, naye ana habari ya maana, maana huenda akamwondolea samaki hatia.

Atauliza pia: nani mwingine alikula, na akawaje? Watu wa pwani wataelewa haraka. Jodari au kibua aliyekaa juani baada ya kuvuliwa hujijengea histamini, kemikali ileile ambayo mwili huimwaga wakati wa mzio, na moto wa jikoni hauiondoi. Ukimla samaki huyo uso unawaka, kichwa kinauma, vipele vinatoka, kwa mkubwa na kwa mdogo. Kama watatu walioshiriki sinia moja waliwashwa, daktari atamshuku samaki mbovu kabla ya kumwandika mtoto kuwa na mzio wa maisha. Lakini hilo atalijua tu ikiwa wale wakubwa wawili wataacha aibu na kusema kwamba nao walijikuna.

Kule Newala na Tandahimba nako kuna mkanganyiko wake. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi ya yeyote, na mtoto aliyechezea maganda uani anaweza kutoka vidonda mdomoni na vidoleni. Hilo si sawa na mzio wa kula korosho, ambao upo na unaweza kuwa mkali sana. Aliyemwona mtoto akichezea maganda anaweza kumaliza kitendawili kwa sentensi moja.

Mnaweza kusema: si kuna vipimo? Vipo, lakini vinafanya kazi ndogo kuliko tunavyodhani. Katika kipimo cha ngozi, muuguzi huweka matone ya vitu vinavyoshukiwa kwenye mkono wa mtoto, upande wa ndani, au mgongoni, kisha huchoma kila tone kwa ncha ndogo inayogusa tabaka la juu tu. Kuna tone la maji ya chumvi, ambalo halipaswi kuvimba, na tone la histamini, ambalo lazima livimbe. Hayo mawili ni mashahidi kwamba kipimo kinasema kweli. Baada ya dakika 15 hadi 20 uvimbe hupimwa kwa rula. Ukizidi ule wa maji ya chumvi kwa milimita 3 au zaidi, jibu ni chanya.

Chanya hiyo inasema kwamba mwili wa mtoto umetengeneza kingamwili aina ya IgE dhidi ya chakula hicho. Haisemi kwamba akikila ataumwa. Wapo watoto wenye kipimo chanya cha karanga wanaozila bila tatizo lolote. Kipimo cha damu kinachotafuta IgE kina tabia hiyohiyo. Ndiyo maana kupima vyakula ishirini kwa mpigo bila hadithi nyuma yake huzaa hofu kuliko majibu. Kuna na vipimo vingine vya bei kubwa vinavyotafuta kingamwili aina ya IgG dhidi ya vyakula chungu nzima. Vyama vya madaktari wa mzio vya Ulaya na Marekani vimeshauri visitumike kutambua mzio, kwa kuwa IgG huonyesha tu kwamba mtu amekutana na chakula fulani. Yaani unatoa fedha nyingi kuambiwa kwamba mwanao amekula maharage.

Hadithi ikikosekana, wazazi hukisia, na kukisia kwetu huwa kwa kufuta. Ametoka vipele? Toa mayai. Bado anajikuna? Toa maziwa, toa samaki, toa karanga, toa na soya. Tazama orodha hiyo vizuri. Ni vyakula vinavyoongoza kwa kuleta mzio, na ndivyo hivyohivyo vinavyomjenga mtoto wa mtu wa kipato cha kawaida. Utafiti wa kitaifa wa afya wa Tanzania wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Katika nchi ya namna hiyo, kumwondolea mtoto dagaa na yai kwa kubahatisha si tahadhari. Ni kumwongezea mzigo mwingine, tena kwa nia njema.

Kuna wanaosema huu ni ugonjwa wa Wazungu na wa watoto wa shule za gharama. Watafiti wa Afrika Kusini waliwapima watoto wa umri wa mwaka mmoja hadi mitatu, wakawalisha vyakula vilivyoshukiwa chini ya uangalizi wa kitabibu ili wapate uhakika. Mjini Cape Town, asilimia 2.5 walikuwa na mzio wa chakula uliothibitishwa. Vijijini Mqanduli, mkoa wa Eastern Cape, asilimia 0.5. Yai ndilo lililoongoza mjini, karanga zikafuata. Kwa hiyo si wengi, lakini wapo, na mjini ni wengi kuliko kijijini. Miji yetu inakua kila siku.

Sasa niseme na bibi peke yake, kwa heshima zote. Bibi, najua unavyoamini: mtoto huzoezwa. Ukimfichia kidogokidogo kwenye mchuzi, mwili utazoea. Imani hiyo ina ukweli wake, na wataalamu wameufikia kwa njia ndefu. Profesa Gideon Lack wa King's College London na wenzake waliona kwamba mzio wa karanga ulikuwa mara kumi zaidi kwa watoto wa Kiyahudi waishio Uingereza kuliko kwa wenzao wa Israel, ambao huanza kula vitafunwa vya karanga wakiwa wachanga. Wakachukua watoto 640 wa miezi 4 hadi 11 waliokuwa na pumu kali ya ngozi au mzio wa yai. Nusu walipewa karanga mara kwa mara, nusu wakanyimwa, mpaka walipofika miaka mitano. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: kwa jumla, kula karanga mapema kulipunguza mzio wake kwa zaidi ya robo tatu. Ushauri wa zamani wa kuwanyima watoto ukageuzwa.

Lakini angalia, bibi. Watoto wale walipimwa ngozi kwanza, na waliovimba sana hawakuingizwa kabisa kwenye jaribio. Wengine walionjeshwa mara ya kwanza mbele ya daktari. Karanga ilikuwa imesagwa, maana karanga nzima humpalia mtoto mdogo hata asiye na mzio. Kumwanzishia mapema mtoto mzima ni jambo moja. Kumfichia kwenye mchuzi mtoto ambaye tayari alishavimba midomo ni jambo jingine, na linaweza kumuua mezani kwako. Kuna siku ya kumjaribu, na ina mahali pake, nitaifikia. Kwa sasa tunachokuomba ni kumbukumbu zako. Wewe ndiye unayejua kama mama yake naye alijikuna utotoni, kama babu alikuwa na pumu, kama mtoto huyu alipoanza vyakula aliwahi kukataa kitu kwa kulia na kugeuza uso. Njoo kliniki uyaseme mwenyewe.

Dada wa kazi, wewe nakuomba jambo gumu zaidi, kwa sababu una la kupoteza kuliko sisi wote. Unamwona mtoto mchana kutwa. Mabaka ya mzio mara nyingi hupotea ndani ya saa chache, na mama akirudi jioni haoni kitu, anadhani umekuza mambo. Piga picha kwa simu ukiwa kwenye mwanga. Vitabu vingi vya kigeni huandika kwamba ngozi "huwa nyekundu", na kwenye ngozi zetu wekundu huo waweza usionekane kabisa. Pitisha kiganja usikie vinundu, tazama kama macho na midomo vimejaa, sikiliza sauti kama imekwaruza. Tunza karatasi ya biskuti. Na kama usiku wa kuamkia miadi mtoto aliwashwa ukamhurumia ukampa kijiko cha Piriton, sema asubuhi hiyohiyo. Dawa za mzio huzima uvimbe wa kipimo cha ngozi, ndiyo sababu daktari huagiza ziachwe siku kadhaa kabla. Hata dawa nyingi za kikohozi na mafua za maji zimechanganywa nazo. Usiposema, tone la histamini halitavimba, na nauli yote ya Newala hadi hospitali ya rufaa imekwenda na maji. Ukisema mapema, simu moja inabadilisha tarehe. Ila mtoto akivimba kweli au akipumua kwa shida, tarehe ya kipimo haina uzito wowote, atibiwe kwanza.

Jingine linatuhusu wote, na linaniudhi kuliko mengine. "Nyamaza, nitamwita daktari akuchome sindano." Tunalisema sebuleni, kwenye daladala, msikitini na kanisani. Mtoto mwenye mzio atawaona madaktari kwa miaka mingi. Atachomwa matone, atatolewa damu, atalishwa vitu akitazamwa. Mtaa ukishamfundisha kwamba koti jeupe ni adhabu ya watoto wakorofi, mama ndiye atakayepambana naye mlangoni, na muuguzi atahitaji watu watatu kumshika kwa kazi ambayo ingefanyika akiwa amepakatwa. Acheni hiyo. Msimdanganye pia kwamba hatachomwa. Mtoto wa miaka mitatu akidanganywa mara moja chumbani humo, safari inayofuata hataamini hata ukimwambia wanampima urefu tu. Aambiwe kweli: utachomwa kidogo kidogo, mama atakushika, halafu mkono utawasha na hutakiwi kuukuna mpaka tuambiwe. Kuchomwa kwenyewe hupita haraka. Zile dakika za kuwashwa ndizo ndefu, na hapo ndipo hadithi za sungura na fisi zinapofaa kuliko dawa. Mjomba mwenye maneno mengi, hospitali inakuhitaji.

Akina baba tunahitajika zaidi siku ile ya kula. Pale ambapo hadithi na vipimo havijakubaliana, au mtoto amekua na daktari anadhani mzio umekwisha, kama unavyokwisha kwa watoto wengi wenye mzio wa maziwa au yai, uhakika hupatikana kwa kumlisha chakula chenyewe hospitalini. Anaanza na chembe tu. Baada ya dakika 15 hadi 30, kama yuko salama, anaongezwa, na tena, mpaka afikie kiasi cha mlo wa kawaida, kisha anaangaliwa kwa saa kadhaa. Adrenalini iko tayari kando ya kitanda. Mtoto lazima awe mzima siku hiyo, bila homa na bila pumu iliyochachamaa. Ni nusu siku au zaidi ya kumbembeleza mtoto ale kitu ambacho nyumba nzima imemkataza tangu alipoanza kutembea. Anaona woga usoni mwa mama yake na anafunga mdomo. Mtu mmoja hawezi kumshika mtoto, kumchezesha, kusikiliza maelekezo na kuyaandika, na kwenda dirishani kulipa, vyote pamoja. Nimeona benchi za kliniki za watoto zilivyo: akina mama wamejaa, na baba mmoja anayetazamwa kama amepotea njia. Mwajiri naye aelewe kwamba ruhusa hiyo si ya kwenda kuchukua dawa na kurudi kabla ya chai ya saa nne.

Mtu akienda siku kama hiyo, abebe chakula alichoagizwa jinsi kinavyopikwa nyumbani. Hata kwa kipimo cha ngozi, daktari anaweza kuomba uje na chakula chenyewe, achome chakula kwanza kisha ngozi, hasa kwa vitu ambavyo havina matone ya kiwandani. Usione haya kupanda bajaji na kipande cha pweza kwenye mfuko.

Mganga mfawidhi wa zahanati yetu, nawe tunakuomba. Mabingwa wa mzio ni wachache katika nchi zetu na wamekaa mijini, lakini mtoto akibanwa pumzi baada ya kula ataletwa kwako. Atakayembeba atakuwa amepitia duka la dawa akapewa Piriton, na pengine jirani amemnywesha maziwa, kwa kuwa tumezoea kuyafanya maziwa kuwa dawa ya kila sumu, hata kwa mtoto ambaye adui yake ni maziwa hayohayo. Piriton hupunguza kuwashwa. Haifungui koo wala haipandishi presha iliyoshuka. Dawa ni adrenalini, na iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ni miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito, ndani ya msuli wa paja, upande wa nje. Kwa ampuli yenye miligramu 1 katika mililita 1, mtoto wa kilo 10 anahitaji mililita 0.1 tu. Zile sindano za kalamu wanazobeba watoto wa Ulaya ni adimu na ghali kwetu, kwa hiyo ampuli yako ndiyo kalamu yetu. Chumba chako cha chanjo kinapaswa kuwa nayo. Iangalie kama haijapita muda wake au kubadilika rangi, na mfundishe muuguzi wa zamu ya usiku asiogope kuitumia, maana ucheleweshaji wa sindano hiyo ndio unaohusishwa na vifo.

Na ninyi mnaomleta: mkifika mlangoni msianze na salamu ndefu. Semeni amekula nini na lini. Njiani alazwe, miguu iinuliwe kidogo, au akae kama anapumua kwa shida. Asisimamishwe, asikimbizwe kwa miguu yake, wala asilazimishwe kunywa kitu.

Wauzaji, nanyi. Kiwango cha kimataifa cha Codex kuhusu maandishi ya vyakula vilivyofungashwa kinataka vyakula vinavyosababisha mzio vitajwe, vikiwemo maziwa, mayai, samaki, karanga na ngano. Kwenye pakiti ya kiwandani mzazi anaweza kusoma. Lakini sehemu kubwa ya wanachokula watoto wetu haina pakiti. Unga wa lishe unaosagwa mtaani mara nyingi una soya na karanga, wengine huongeza ngano au dagaa, na mashine ileile imetoka kusaga karanga za mteja aliyetangulia. Lebo ya unga huo ni mdomo wako wewe msagaji. Mama anapouliza umechanganya nini, usimjibu kwamba ni mchanganyiko wa siri ya biashara. Hata chakula dawa wanachopewa watoto wenye utapiamlo mkali kwa kawaida hutengenezwa kwa karanga na maziwa, na ni dawa inayookoa maisha. Mzazi, mwambie muuguzi wa lishe habari ya mzio kabla pakiti haijafunguliwa, naye atatafuta njia nyingine.

Uingereza walijifunza jambo hili kwa msiba. Mwaka 2016 msichana wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, alifariki baada ya kula mkate uliokuwa na ufuta ndani ya unga wake, bila kuandikwa kwenye karatasi. Wazazi wake walipigania sheria, na tangu Oktoba 2021 chakula kinachofungashwa hapohapo dukani lazima kitaje viungo vyake vyote. Sisi twaweza kuanza bila sheria, kwenye kibanda cha kashata za ufuta. Sikukuu zikifika watoto hupita nyumba kwa nyumba, wanapewa kaimati, visheti, halua yenye lozi. Hakuna mama anayeweza kuongozana na kundi lile. Mwenye nyumba anaweza kuuliza, "Nani haruhusiwi nini?" Watoto hujibiana wenyewe kwa wenyewe, na kwa kweli hukumbuka kuliko sisi.

Wazazi wenzangu, haya yote yatakwama kama sisi hatubadiliki. Tunataka watu waseme, kisha anayesema tunamgeuza mshitakiwa. Dada akikiri kwamba alimpa mtoto yai, maneno ya kwanza yawe asante. Ya pili yawe: lilikuwa la kuchemsha au la kukaanga, na alikula kiasi gani? Kuna watoto wanaovimba kwa yai la kuchemsha lakini wanakula keki iliyookwa vizuri bila shida, na tofauti hiyo ina maana kubwa kwa daktari. Atajuaje, kama aliyeona keki ikiliwa amenyamazishwa kwa hofu? Kaeni na wote wanaomlisha mtoto kabla ya miadi, mwambieni kila mmoja wazi kwamba hakuna atakayefukuzwa wala kusemwa. Wekeni daftari jikoni. Asiyependa kuandika atume ujumbe wa sauti. Daktari hajali kama habari imeandikwa kwa wino au imesimuliwa na sauti ya kuku nyuma yake.

Na kama hapo mtaani yuko mzazi mwenye miadi wiki hii, mwulize anaondoka saa ngapi, na wale watoto wengine anawaacha na nani.